Bwawa Liko Mbali na Makuyuni

Ukifika stendi ya Magufuli pale Mbezi ukataja Makuyuni peke yake, wakata tiketi watakuuliza: ya Arusha au ya Korogwe? Ya Arusha ndiyo yenye jina, kwa kuwa hapo ndipo njia ya kwenda Manyara na Ngorongoro inapochepuka. Mimi nilikuwa naenda ya Korogwe, kata ya wakulima na wachuuzi wilayani Korogwe, mkoani Tanga. Mabasi ya Moshi na Arusha hupita hapo kwa kasi, na anayetaka kushuka humkumbusha kondakta mapema.

Nilikuwa nimeitwa na mwalimu. Tulisoma pamoja Tanga mjini, tukajifunza kuogelea pamoja kule Raskazone, kisha yeye akashika chaki na mimi nikashika kalamu. Ujumbe wake wa sauti ulikuwa mfupi. Ana mwanafunzi wa darasa la tano mwenye mguu mmoja, anaogelea kama kambale, amemwona msichana wa Uganda kwenye simu na tangu siku hiyo hana mazungumzo mengine. "Njoo umwone," alisema, "halafu uniambie kama namdanganya mtoto wa watu."

Msichana wa Uganda ni Husnah Kukundakwe. Alizaliwa Machi 2007 bila sehemu ya chini ya mkono wa kulia, na mkono wa kushoto nao haukukamilika. Utotoni alizoea kuuficha mkono wake ndani ya sweta, ili wenzake wasiutazame. Kilichomtoa kwenye sweta ni maji, kwa sababu mtu haogelei na sweta. Mama yake, Hashima Batamuriza, akawa mtu wa kumpeleka, kumngoja, kutafuta nauli na kubisha hodi kwenye ofisi za michezo. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 12, Husnah alishindana Singapore, kisha akaenda kwenye mashindano ya dunia London. Janga la UVIKO-19 likaisogeza Michezo ya Tokyo kwa mwaka mzima, na ilipofanyika mwaka 2021 yeye alikuwa na miaka 14, mdogo kuliko wanamichezo wote wa Paralimpiki hiyo. Aliogelea mita 100 mtindo wa kifua. Hakupata medali. Mwaka 2022 alikuwa Birmingham kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, na mwaka 2024 akarudi tena Paralimpiki, mjini Paris.

Hayo ndiyo mtoto wa Makuyuni aliyoyaona kwenye simu ya mwalimu wake.

Safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Korogwe ni safari ya kuvuka maji, ingawa abiria wengi hulala. Baada ya Chalinze unavuka Wami, siku hizi kwa daraja jipya lililoanza kutumika mwaka 2022. Unaingia Uzigua, unapita Mkata na Kabuku za wilaya ya Handeni, ambako msimu wa machungwa ukifika vichanja vya barabarani hugeuka manjano na kijani, wachuuzi wakikimbilia madirishani na mifuko ya nyavu. Segera njia inagawanyika, ya kulia Tanga, ya kushoto Korogwe. Mashamba ya mkonge yanaanza, mistari iliyonyooka mpaka macho yachoke, na nyuma yake milima ya Usambara inasimama kama ukuta wa buluu. Mbele kidogo ni Mto Pangani. Mto huo unaendesha mitambo ya umeme ya Hale tangu miaka ya 1960, unamwagilia mashamba, unavuliwa samaki, na una mamba. Hakuna mzazi mwenye akili timamu anayemtuma mtoto akajifunzie kuogelea humo.

Nilikuwa nikiwaza hilo njia nzima. Nchi yetu imezungukwa na maziwa makubwa matatu na bahari, ina mito isiyokauka, na bado wengi wetu tunayaogopa maji kuliko moto. Hofu hiyo ina sababu zake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Robo hivi walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Dawa ambayo wataalamu wanaitaja kila mara ni rahisi kutamka: wafundisheni watoto kuogelea. Kule Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje ulifanya hivyo kwa wasichana ambao mila iliwaweka mbali na maji, wakaingia baharini na mavazi ya stara. Picha zao, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zikapata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Ulimwengu ulizitazama picha zile kwa uzuri wake. Mimi nilichokiona ni mwalimu aliyesimama katika maji yanayomfika kifuani, ameshika kisogo cha mwanafunzi. Muogeleaji yeyote, mwenye ulemavu au asiye nao, huanzia kwenye mkono wa mtu anayemshika kisogo.

Mwalimu alinipokea kituoni na bodaboda mbili. Tulikwenda kwanza nyumbani kwa mtoto, kama adabu inavyotaka, kwa sababu si haki kumtazama mtoto wa mtu kabla ya kuonana na mama yake. Jina la mtoto sitalitaja, ni mdogo na ana maisha yake ya kuishi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Mwalimu kanambia unakuja kwa habari ya maji."

Mama huyu anauza mahindi ya kuchoma na machungwa kando ya barabara kuu. Mwanawe alipoteza mguu wa kulia, chini ya goti, kwenye barabara hiyohiyo, bodaboda aliyopanda ilipogongwa. Alikuwa bado hajaanza shule. Anatembea na magongo mawili ya mbao aliyochongewa na fundi wa kijijini, na kila akirefuka fundi anamwongezea kipande chini. Alipata mguu wa bandia mara moja, akakua ukawa mdogo kabla hajauzoea. Watoto ndivyo walivyo. Mguu wa bandia wa mtoto unataka kubadilishwa kila baada ya muda mfupi, na kila badiliko ni fedha na safari.

Kuogelea alijifunzia kwenye shimo la kifusi. Watengeneza barabara wakichimba udongo huondoka na kuacha mashimo, mvua za masika huyajaza, na watoto huyageuza kuwa bahari yao. Ni mahali pabaya. Kingo ni tope, kina hakijulikani, na kila mwaka redio hutangaza mahali fulani nchini watoto waliokufa kwenye mashimo ya namna hiyo. Huko ndiko mwanawe aligundua kwamba ndani ya maji wenzake hawamshindi. Uwanjani wanamwacha, kwenye maji anawaacha yeye. Wenzake walishikilia madumu ya lita tano yaliyofungwa vifuniko. Yeye alilitupa dumu lake.

Mama alipojua alimchapa, halafu akalia.

"Mguu mmoja umekwenda na barabara," aliniambia. "Sitaki uliobaki uende na maji."

Sikuwa na la kumjibu, na sidhani lipo jibu la maneno. Yuko sahihi kuhusu lile shimo. Nilimwambia hivyo, nikamwambia pia kwamba sikuja kumwombea mwanawe ruhusa ya kurudi kule. Alinitazama kwa muda, akaniuliza kama yule binti wa Uganda ana mama. Nikamweleza habari za Hashima, jinsi alivyokaa pembeni ya mabwawa miaka na miaka. Akauliza: "Yeye mwenyewe anajua kuogelea?" Swali zuri sana. Nilimwambia sijui, lakini alijua kusubiri.

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, ameegemea gongo moja, anasikiliza. Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa la kiufundi. "Mjomba, wakiingia majini wanavaa mguu wa bandia?"

Hawavai. Kanuni za mchezo haziruhusu viungo vya bandia wala kifaa chochote cha kumsaidia mtu kuelea au kwenda kasi. Kiti mwendo, magongo, mguu wa plastiki, vyote vinabaki ukingoni. Wapo wanaoanzia wakiwa wameketi kwenye jukwaa la kurukia, wapo wanaoanzia ndani ya maji kwa sababu hawawezi kusimama. Zheng Tao wa China, ambaye hana mikono, hushika kitambaa kwa meno wakati wa kuanza mtindo wa mgongo, na anapomaliza hugusa ukuta kwa kichwa. Alichukua dhahabu nne Tokyo. Mtoto alisikiliza akiwa ametoa macho, kisha akauliza la pili, kwa sauti ndogo zaidi: "Na watu hawamtazami?"

Wanamtazama. Wanatazama na saa pia. Hilo nililisema kwa makusudi, kwa sababu naamini ndilo jambo la maana kuliko yote katika michezo hii. Mtoto mwenye ulemavu huku kwetu ametazamwa sana kwa huruma. Anapewa shilingi mia mbili sokoni bila kuomba, anaambiwa pole na watu asiowajua. Akishinda kitu kidogo anasifiwa kupita kiasi, akishindwa hakuna anayemkosoa, na kote kuwili hachukuliwi kama mtu anayeweza kuwa bora zaidi kesho. Saa ya kocha haina huruma ya namna hiyo. Inamwambia leo umechelewa, geuka vizuri ukutani, vuta maji kwa kiganja kilichokunjika kidogo, usipoteze pumzi. Kwa mtoto aliyezoea pole, kukosolewa kwa haki ni heshima kubwa.

Kesho yake tulikwenda Korogwe mjini kutafuta bwawa. Mji wa Korogwe umekua; una hospitali ya Magunga, una stesheni ya reli ya zamani ya Tanga hadi Moshi, una nyumba za wageni za kila hadhi. Mabwawa ya kuogelea ni ya kutafuta kwa tochi. Mahali pa kwanza tulipoomba, msimamizi alimtazama mtoto chini, akatuambia kwa upole kwamba wageni wengine hawatajisikia vizuri. Mwalimu alitaka kubishana. Mtoto akasema, "Twende zetu mwalimu," kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuyazoea. Ule utulivu uliniumiza kuliko jibu la msimamizi. Wakati huohuo sheria ipo: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa namna hii, na mwaka mmoja kabla yake Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao ibara yake ya 30 inataja haki ya kushiriki michezo na burudani. Sheria hiyo haijafika kwenye geti la kila bwawa.

Mahali pa pili mwenye nyumba mwenyewe alikuwepo, mzee wa makamo aliyekuwa akipalilia maua. Aliuliza swali moja tu: "Nani ataingia naye?" Tulipomwambia sote wawili, akaenda kufungua.

Kilikuwa kibwawa kifupi, maji safi, kina cha kufika kifuani kwa mtu mzima. Mtoto aliacha magongo yake kwenye ukingo, akakaa, akajisukuma ndani. Mwalimu alikuwa upande mmoja na mimi upande wa pili.

Nimeona watoto wengi wakiogelea, kwa hiyo niseme nilichokiona kwa uangalifu. Alikuwa na makosa mengi. Kichwa kilikuwa juu wakati wote, kama waogeleaji wote wa mashimo, ambao huogopa kuzamisha macho kwenye maji machafu. Mikono iliingia majini kwa kupiga, si kwa kuchoma. Mguu mmoja ukipiga teke, nyonga huzunguka kuelekea upande usio na mguu, na mwili mzima huenda upande kama ngalawa iliyopoteza tengo moja. Lakini alikuwa ametafuta dawa ya hilo peke yake bila kufundishwa: alikuwa akiupiga ule mguu kwa kukatisha, kidogo kulia, kidogo kushoto, ili urudishe nyonga mahali pake. Waogeleaji wa mashindano wenye mguu mmoja hufundishwa jambo hilohilo. Yeye alifundishwa na shimo la kifusi.

Nilimwomba aweke uso ndani ya maji na atoe mapovu. Alikataa. Mwalimu akaweka uso wake kwanza, akatoa mapovu kwa kelele kubwa, mtoto akacheka, akajaribu, akakohoa, akajaribu tena. Kufika adhuhuri alikuwa anaweza kwenda upana wote wa bwawa uso ukiwa chini, na alikuwa anakwenda kwa kasi zaidi, naye alijua. Alishika ukingo akauliza: "Yule dada wa Uganda nitamshinda lini?" Tukamweleza kuwa wavulana na wasichana hushindana mbali mbali, na tena yeye na Husnah hawako kundi moja.

Makundi haya yanahitaji maelezo, maana bila kuyaelewa mtu hawezi kuelewa mchezo. Waogeleaji wenye ulemavu wa viungo hupangwa kuanzia S1 hadi S10. Namba ikiwa ndogo, ulemavu ni mzito zaidi. S11 hadi S13 ni wenye ulemavu wa macho, na S14 ni wenye ulemavu wa akili. Mtindo wa kifua una hesabu yake, SB, kwa sababu unategemea sana miguu. Ndiyo maana Husnah ni S9 kwenye mtindo huru na SB8 kwenye mtindo wa kifua. Mtu aliyekatwa mguu mmoja chini ya goti kwa kawaida huangukia makundi ya juu, S9 au S10. Katika kundi la S9 aliogelea Natalie du Toit wa Afrika Kusini, ambaye alipoteza mguu wa kushoto mwaka 2001 kwa ajali ya pikipiki akitoka mazoezini, akiwa na miaka 17. Alishinda dhahabu 13 za Paralimpiki. Na mwaka 2008 huko Beijing alishindana pia Olimpiki, kilomita 10 za maji ya wazi dhidi ya wanawake wenye miguu miwili, akamaliza wa 16. Nilimweleza mtoto habari hiyo kwenye ukingo wa bwawa. Hakuamini sehemu ya pikipiki. "Kweli pikipiki?" Kweli.

Juu yetu, ukipanda kutoka Mombo hadi Lushoto, iko shule ya wasioona ya Irente, ya miaka mingi, ya kanisa la Kilutheri. Nilimtajia mwalimu kwamba wasioona nao huogelea kwa kasi ya kutisha. Wa kundi la S11 huvaa miwani iliyotiwa weusi ili wote wawe gizani sawasawa, na msaidizi husimama ukutani na fimbo ndefu yenye sponji mwishoni, akimgusa muogeleaji kichwani au mgongoni anapokaribia ukuta, ajue kwamba ni wakati wa kugeuka. Fimbo na sponji. Kati ya vifaa vyote vya michezo duniani, hicho fundi yeyote wa Korogwe angekitengeneza mchana mmoja.

Kilicho kigumu ni kingine. Ili mtu atambuliwe kimataifa, lazima apimwe na jopo la waainishaji wa World Para Swimming, chombo kinachosimamia mchezo huu duniani, na majopo hayo mara nyingi hukaa kwenye mashindano makubwa nje ya kanda yetu. Ndiyo kusema mtoto wa Afrika Mashariki hupanda ndege kwanza ili aambiwe yuko kundi gani, kabla hajajua kama ana kasi. Safari ya Husnah ya Singapore inaeleweka zaidi ukijua hivyo. Mmoja wa waliomtangulia katika kanda hii alitoka Rwanda: mwanamichezo wa kwanza kuiwakilisha nchi hiyo Paralimpiki, Sydney mwaka 2000, alikuwa muogeleaji, Cesar Rwagasana. Nchi isiyo na bahari ilianzia majini.

Sisi wenye bahari tulianza Paralimpiki Barcelona mwaka 1992, na hadi kufikia Paris 2024 hatujapata medali. Tokyo walikwenda Ignas Mtweve na Sauda Njopeka, Paris akaenda Hilmy Shawwal, wote wa riadha. Nawaheshimu, kwa kuwa najua walivyofanya mazoezi na walichokuwa nacho. Waogeleaji wetu wa Olimpiki, kama Collins Saliboko na Sophia Latiff waliokwenda Paris mwaka huohuo, wanatoka katika klabu chache za mijini, na mashindano ya taifa yamezoea kufanyika kwenye mabwawa ya mita 25 ya shule za kimataifa. Bwawa la mashindano ya Paralimpiki ni la mita 50. Mtoto aliyelelewa kwenye mita 25 hupata ukuta wa kusukumia mara mbili zaidi; akikutana na mita 50 mikono inakufa katikati. Na huyo ni mtoto wa Masaki, Dar es Salaam. Wa Makuyuni hana hata hizo mita 25.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 11 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Katika shule ya msingi yenye watoto mia tano, hao wanaweza kuwa makumi kadhaa. Tungeweza kuuliza ni wangapi kati yao wana vipaji, lakini hilo ni swali la kuja baadaye. Swali la sasa ni wangapi wamewahi kushikwa kisogo ndani ya maji safi na mtu mzima anayejua anachofanya.

Jioni tulimrudisha kwa mama yake. Alikuwa ameinama juu ya jiko la mkaa, anageuza mahindi. Mtoto alimweleza mambo ya mapovu, kwa mikono miwili, magongo yakiwa yameanguka chini. Mama akamsikiliza hadi mwisho, halafu akamgeukia mwalimu na masharti yake, ambayo nilidhani alikwishayapanga tangu asubuhi: shimoni hakuna kurudi, bwawani lazima mwalimu awe ndani ya maji, na mtihani wa darasa la saba usije ukafeliwa kwa ajili ya kuogelea. "Na mimi nitakuja kuona," akasema. "Jumapili naweza kuacha biashara kwa mwenzangu."

Njiani kuelekea kituoni mwalimu alirudia swali lake: namdanganya au simdanganyi? Nilimwambia ninavyoamini. Akimwahidi Paralimpiki ya Los Angeles 2028, atakuwa anamdanganya, maana katikati kuna kocha, kuna bwawa la kweli, kuna uainishaji na kuna viwango vya muda ambavyo havimjui mtu. Akimwahidi kwamba baada ya mwaka mmoja atakuwa anaogelea mita 50 bila kupumzika, uso majini, na atakuwa na muda wake ulioandikwa kwenye daftari, hiyo ni ahadi ya kweli na iko mkononi mwake. Bila daftari hilo, ofisi ya michezo ikipigiwa simu siku moja haitakuwa na cha kusikiliza. Mwalimu hakuridhika sana. Alitaka nimwambie ndiyo. Mwalimu mzuri hutaka hivyo kwa mwanafunzi wake, na sitaki kumlaumu.

Wito wangu, basi, ni kwa watu walio karibu. Wenye mabwawa Korogwe, Lushoto, Muheza na Tanga mjini: yule mzee mwenye maua alitoa saa chache za bwawa lililokuwa tupu, na hakupungukiwa na mgeni hata mmoja. Tengeni saa moja ya asubuhi kwa wiki kwa watoto wa shule za jirani, na wenye ulemavu wawe wa kwanza kuitwa. Halmashauri: yafukieni au yawekeeni uzio mashimo ya vifusi kabla ya masika, na mkataba wa ujenzi wa barabara umlazimishe mkandarasi afanye hivyo. Chama cha kuogelea na kamati ya Paralimpiki: leteni siku moja ya vipimo vya awali mkoani Tanga, kocha mmoja na saa moja ya kupimia muda vinatosha kuanzia. Nanyi wazazi mlio na mtoto aliyefichwa ndani kwa sababu ya mkono au mguu, mtoeni. Kamsimamieni ukingoni wenyewe, Jumapili, kama mama wa Makuyuni alivyosema atafanya.